Meza ya Maji Isikunjwe Kabla Mtu wa Mwisho Hajapita

Hotuba kwa mkutano wa viongozi wa vilabu na wakimbiaji wa ridhaa, Kinondoni, Dar es Salaam

Ndugu viongozi wa vilabu vya jogging, ndugu waandaaji wa mbio, ndugu zetu wauguzi na madaktari mnaoacha usingizi wa Jumapili kwa ajili yetu, na nyinyi wakimbiaji wenzangu mliotoka Mbagala, Temeke, Tabata, Kawe na Kigamboni: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe, na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya maandalizi ya msimu wa mbio, na nadhani wengi mlitarajia nije na habari za kasi, za raba na za vyakula. Mengine nitayagusa. Lakini nimekuja na jambo moja ambalo nimelibeba kwa miaka mingi, na ningependa mlipokee kabla hatujaanza kuuza namba za mbio zinazokuja. Jambo hilo ni mtu wa mwisho. Simzungumzii kwa kumhurumia, kwa sababu hahitaji huruma. Namzungumzia kwa sababu mbio zetu za Dar es Salaam, kwa jinsi tunavyoziandaa, humhudumia vizuri yule ambaye angeweza kufika hata bila huduma, kisha humwacha mikono mitupu yule ambaye huduma hiyo iliwekwa kwa ajili yake.

Miaka kadhaa iliyopita nilikimbia kilomita 21 zangu za kwanza hapa mjini. Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi mitatu, nimelipa ada, nimebandika namba kifuani kwa pini nne, na nilijua kabisa kwamba nitakuwa miongoni mwa watu wa nyuma. Hilo halikunisumbua. Tulianza saa 12 asubuhi. Nilipofika karibu na kilomita ya 16 ilikuwa imekwishapita saa 2, jua limepanda, na kwa zaidi ya kilomita mbili nilikuwa nikijiambia kwamba meza ya maji iko mbele. Niliikuta. Vijana wawili walikuwa wanaikunja miguu ili waipandishe kwenye gari dogo la mizigo. Chini kulikuwa na vikombe vya plastiki vilivyokanyagwa mpaka vimekuwa bapa kama chapati, na dumu moja limelazwa ubavu. Niliomba maji. Kijana mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, tumeshamaliza, wameshapita." Neno hilo "wameshapita" sijalisahau. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na namba kifuani, lakini kwa hesabu yake wakimbiaji walikuwa wameshapita.

Aliyenisaidia hakuwa mwandaaji wala mfadhili. Mbele kidogo, kwenye kivuli cha mwarobaini, kulikuwa na muuza madafu na baiskeli yake. Aliniona ninavyoyumba, akachukua dafu, akalifyeka kwa panga mara tatu, akanipa. Sikuwa na shilingi mfukoni. Aliniambia ninywe nikae, kisha akasogea pembeni ili kivuli kinitoshe. Nilimaliza mbio zile. Kwenye mstari wa kumalizia, upinde wa upepo ulikuwa umeshatolewa hewa na umelala chini kama turubai, na medali nilipewa kutoka kwenye mfuko wa rambo na mtu aliyekuwa anafagia.

Sitawataja walioandaa, kwa sababu sikuja kushtaki. Nimesimulia ili mwone mpangilio wa jambo lenyewe, maana si roho mbaya ya mtu. Ni hesabu iliyokosewa.

Tuiangalie hesabu hiyo. Mbio zinaanza saa 12. Mshindi wa kilomita 21, anayekwenda kilomita moja kwa dakika tatu na sekunde kama 20, anamaliza baada ya saa moja na dakika kumi hivi. Anafika saa 1 na dakika 10 asubuhi, jua bado changa, na ikiwa ni kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi una ubaridi wake. Mkimbiaji wa nyuma, anayekwenda kilomita moja kwa dakika nane na nusu, anahitaji saa tatu. Anafika saa 3 kamili. Saa zake mbili za mwisho, ambazo ndizo ngumu zaidi, karibu zote ziko kwenye jua ambalo mshindi hakuliona kabisa, kwa sababu wakati huo mshindi alikuwa ameshaoga. Yule anayekaa barabarani muda mrefu zaidi, tena katika joto kali zaidi, ndiye anayekuta meza imekunjwa. Kama mngekuwa mnagawa maji kwa kufuata mahitaji, mngeanza na meza za mbele zenye maji kidogo, kisha mngeongeza madumu kadiri saa zinavyokwenda. Sisi tunafanya kinyume.

Na joto la mji huu si joto la kuchezea. Watu wa Arusha na Mbulu wanapofika hapa hulalamika, na wana haki. Mwili wa mtu anayekimbia hujipoza kwa jasho, lakini jasho linalodondoka chini halipozi kitu. Linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi. Hewa yetu ya pwani ina unyevunyevu mwingi, kwa hiyo jasho linatiririka bila kukauka, na mtu analowa fulana nzima huku damu yake ikizidi kupata moto. Piteni kwenye Daraja la Tanzanite saa 2 asubuhi mwezi wa Februari mtaelewa ninachosema: takribani kilomita nzima bila mti hata mmoja, lami na zege vinarudisha joto kutoka chini, na bahari iko pande zote mbili, lakini haikusaidii kitu kama upepo haujavuma.

Sasa niseme juu ya mazoezi, maana nisije nikawalaumu waandaaji peke yao wakati sisi viongozi wa vilabu tunafanya kosa lilelile kila Jumapili. Tunaanza pamoja, tunapiga picha pamoja, halafu vijana wenye miguu mepesi wanaondoka kwa kasi, na katikati kila mtu anakazana asiachwe. Mgeni aliyekuja kwa mara ya kwanza, mara nyingi mtu mzima aliyeambiwa na daktari kwamba shinikizo la damu au sukari imepanda na inampasa afanye mazoezi, anakimbia dakika kumi kwa pumzi za kukata roho, anabaki nyuma peke yake kwenye giza la saa 11 alfajiri, na wiki inayofuata hatumwoni tena. Tunasema amekata tamaa. Ukweli ni kwamba tulimwacha.

Wengi wetu tuliosoma shule za msingi za nchi hii tulifundishwa mbio zilizo bora kuliko hizo, na hatukujua kwamba tunafundishwa. Ninazungumzia mchakamchaka. Asubuhi na mapema, mistari miwili, kiranja mmoja anaimbisha, shule nzima inaitikia, na miguu inafuata wimbo. Hakuna aliyekuwa anashinda mchakamchaka. Mwendo uliwekwa na wimbo, na wimbo hauimbiki kama umeishiwa pumzi. Makocha wa leo hutuambia kwamba sehemu kubwa ya mazoezi ya mbio ndefu inapaswa kufanywa kwa kasi ambayo mtu anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, kwa kuwa katika kasi hiyo ndipo moyo unapojengeka, mishipa midogo ya damu inapoongezeka kwenye misuli, na mwili unapojifunza kutumia mafuta yake wenyewe badala ya kumaliza sukari mapema. Mwalimu wa zamu na kiranja wake walikuwa wanaipata kasi hiyohiyo kwa wimbo tu. Vilabu vya Temeke na Mbagala vinavyokimbia vikiimba hadi leo vimehifadhi kitu cha thamani, na ninawaomba wale wanaoviona vya kishamba wajaribu kuimba wakiwa kilomita ya saba. Watajua papo hapo kama wanakwenda kasi ya mazoezi au kasi ya kujiumiza.

Kwa mtu wa kawaida mwenye kazi na familia, siku tatu au nne kwa wiki zinatosha, na moja kati ya hizo iwe ya safari ndefu. Ukianza na kilomita 8, ukaongeza kilomita moja au moja na nusu kila wiki, na kila wiki ya nne ukapunguza ili mwili upumzike, baada ya wiki 12 utakuwa unafika kilomita 17 au 18. Hizo zinatosha kukufikisha 21 siku ya mbio. Ukihitaji kutembea, tembea: dakika nne za kukimbia na moja ya kutembea, tangu mwanzo, kabla hujachoka. Kuna watu wanaona haya kutembea mbele za watu wa Coco Beach. Mguu unaotembea kwa mpango unafika, na ule unaolazimishwa kukimbia huishia kukaa kwenye ukingo wa barabara umebanwa na misuli.

Kuna jambo moja la mwili ambalo wanaoanza huwa hawaambiwi, nalo linawaumiza. Moyo na mapafu huzoea mazoezi haraka, ndani ya wiki chache mtu anajisikia ana pumzi mpya. Mifupa na kano huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kwenye mwezi wa pili au wa tatu mtu anakuwa na pumzi za kilomita 15 na miguu ya kilomita 8, na hapo ndipo ugoko unapoanza kuuma, au kisigino kinauma asubuhi anapokanyaga sakafu kwa mara ya kwanza. Maumivu hayo hayatibiwi kwa ushujaa. Punguza, pumzika, rudi taratibu.

Kuhusu raba nitasema kwa ufupi. Si lazima ununue za dukani za bei mbaya. Wengi wetu tunavaa mitumba ya Karume na hatuna cha kuona aibu. Ila usinunue kwa kutazama rangi na nembo. Bonyeza soli kwa kidole gumba, pale kati. Ikiwa imekuwa ngumu kama ganda la nazi, hata kama juu inang'aa, iache, sponji yake imeshakufa na kila hatua italipwa na goti lako. Kisha igeuze utazame kisigino kimelika upande gani, kwa maana utakuwa unarithi mwendo wa mtu mwingine.

Siku ya mbio yenyewe, adui mkubwa wa mtu wa nyuma ni kilomita tano za kwanza. Muziki umefunguliwa, mtangazaji anapiga kelele, kila mtu anatoka kama ameibiwa. Mtu ambaye mwili wake umeandaliwa kwa dakika nane na nusu kwa kilomita anakwenda dakika sita na nusu, na anajiona amejaliwa. Kwa kilomita hizo tano ameokoa dakika kumi. Halafu kilomita sita za mwisho anazitembea kwa dakika 12 kila moja, na hapo anapoteza dakika 21. Wahenga walisema mkamia maji hayanywi, na sijui msemo unaowafaa zaidi watu wa mbio ndefu.

Ndugu zetu wa huduma ya kwanza, nanyi nina ombi kwenu. Gari la wagonjwa mara nyingi huwa mbele, karibu na wanaoongoza na karibu na kamera. Anayezidiwa na joto yuko nyuma. Mkimuona mtu anayumba, anajibu maneno yasiyoeleweka, au amekuwa mkali bila sababu, msidhani ni uchovu tu. Hiyo ni dalili kwamba joto limefika kwenye ubongo. Mtu huyo apozwe palepale alipo, kwa maji ya baridi mengi, kwa barafu kama ipo, kwa kupepewa, ndipo apelekwe hospitali. Kumpakia kwenye gari akiwa bado anaungua na kukaa naye kwenye foleni ya Mwenge ni kumpotezea dakika ambazo ndizo uhai wake. Na upande wa pili, msimlazimishe kila mtu anywe maji kila mezani. Mkimbiaji wa nyuma ana muda mrefu wa kunywa, na maji matupu kupita kiasi huishusha chumvi ya damu mpaka mtu akaugua vibaya. Anywe kwa kiu yake, na meza za mwisho ziwe na kinywaji chenye chumvi na sukari. Hata dafu langu lile, pamoja na shukrani zangu zote, lina potasiamu nyingi kuliko sodiamu, na sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ndiyo tuliyoimwaga kwa jasho.

Mwezi Septemba 2025, Alphonce Simbu alichukua medali ya dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo. Baada ya kilomita 42 na mita 195 yeye na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde. Nilifurahi kama Mtanzania yeyote. Lakini nilipokuwa nautazama mstari ule niliwaza: vyombo vipo vya kutenganisha watu wawili kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, na hapa kwetu kuna watu wanaolipa ada, wanakimbia saa tatu na nusu, wanavuka mstari na hawana muda wowote kwenye orodha kwa sababu zulia la kusomea chipu, kile kifaa kidogo cha kupima muda anachovaa mkimbiaji, limeshaviringishwa. Tofauti kati ya saa 3 na dakika 35 na saa 3 na dakika 28 ya mwaka unaofuata ni kazi ya mwaka mzima ya mtu. Mpeni namba yake.

Na sisi, kuliko taifa lolote, tuna sababu ya kulijua hili. Oktoba 20, mwaka 1968, John Stephen Akhwari alikimbia marathoni ya Olimpiki katika Jiji la Mexico, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Alianguka, akaumia goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani baada ya saa 3, dakika 25 na sekunde 27, mguu umefungwa bandeji, wa 57 kati ya 57 waliomaliza, na wengine 18 walioanza hawakufika. Tunaisimulia habari hiyo kwa ajili ya moyo wake, na ni sawa. Mimi ninaitazama pia kwa upande mwingine. Alipofika, jua limezama, geti la uwanja lilikuwa wazi. Saa ilikuwa inahesabu. Palikuwa na kamera, na palikuwa na watazamaji wachache waliobaki kumpigia makofi. Kama wasimamizi wa siku ile wangesema "wameshapita" wakazima taa wakaenda zao, tusingekuwa na habari ya kuwasimulia watoto wetu. Heshima aliyoileta Akhwari ilihitaji miguu yake, na ilihitaji pia mtu fulani asiyejulikana jina aliyekubali kuchelewa kula.

Afrika Kusini wana mbio za Comrades, zilizoanza 1921, kilomita takribani 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, na mwisho wa muda ni saa 12 tangu mbio zianze. Huko watu wa nyuma hawaachwi wakimbie kila mmoja na roho yake. Wanapanda "basi". Basi ni kundi la wakimbiaji, na dereva wake ni mkimbiaji mzoefu mwenye kibendera, anayejua kuhesabu kilomita kwa kilomita: hapa tunakimbia, kilima hiki tunatembea, hapa tunakunywa, saa 11 na dakika 50 tutakuwa ndani. Watu wanaimba njiani. Sisi tulio na mchakamchaka damuni, na tunaoishi kwa daladala na mwendokasi, tungeshindwaje kuwa na mabasi yetu? Kila klabu kubwa iliyopo hapa ina angalau mtu mmoja anayeweza kukimbia kilomita 21 kwa saa mbili bila kutoka jasho la maana. Mtu huyo aache medali yake ya muda mzuri mara moja kwa mwaka, ashike kibendera, aendeshe basi la saa tatu.

Kwa waandaaji, hesabu yangu ni fupi. Aliyefika wa kwanza na aliyefika wa mwisho wamelipa ada ileile. Tena wa kwanza mara nyingi ameletwa kwa kualikwa na ataondoka na zawadi, kwa hiyo fedha zinazoendesha mbio ni za hawa wa katikati na wa nyuma. Tangazeni muda wa mwisho wa mbio waziwazi kwenye fomu, iwe saa tatu na nusu au nne, na ombeni kibali cha barabara kwa muda huo wote, si kwa muda wa mshindi. Wekeni mfunga msafara, mtu mwenye fulana ya rangi inayoonekana, anayetembea nyuma ya mtu wa mwisho. Meza ikunjwe akishapita yeye. Bodaboda na magari yaruhusiwe akishapita yeye. Hakuna kijana atakayehitaji kukisia kama wameshapita.

Kwenye mbio zetu za mwezi ujao, klabu yetu imepewa meza ya kilomita ya 16, na niliiomba mwenyewe. Tutakuwa na madumu 30 ya lita 20, chumvi, sukari, barafu kwenye majokofu mawili ya kubeba, na turubai la kivuli. Ninao watu saba, ninahitaji wengine watano watakaokubali kubaki pale mpaka mfunga msafara atokee, hata kama ni saa 4. Daftari lipo kwa katibu wetu pale mlangoni. Mazoezi ya basi la saa tatu yanaanza Jumapili hii, saa 11 na nusu alfajiri, Coco Beach, upande wa barabara ya Toure. Tutakwenda kilomita 8, tutaimba, na dereva ni mimi.